Saa Kumi na Moja ya Nani?

Na Mwandishi Wetu

Alfajiri ya Jumatatu moja, kabla jua halijachomoza baharini, akina mama watano walisimama mbele ya mlango wa kioo wa jengo moja la ofisi katikati ya jiji la Dar es Salaam. Kila mmoja alikuwa na kadi mpya ya plastiki yenye picha yake, aliyokabidhiwa Ijumaa iliyotangulia pamoja na soda ya kupongezwa. Kazi yao ni kufagia, kupiga deki na kufuta vumbi katika orofa sita za jengo hilo kabla wenye ofisi hawajafika, na kwa miaka mingi wamekuwa wakiianza saa 11 alfajiri. Wa kwanza aliigusisha kadi yake kwenye kisanduku cheusi kilichobandikwa ukutani. Taa nyekundu ikawaka, kisanduku kikalia mara tatu, na mlango ukabaki umefungwa. Wa pili akajaribu, kisha wa tatu. Wote watano walipata jibu lile lile.

Mwezi mmoja kabla ya hapo wangelimkuta bawabu, mzee mmoja mwenye shada la funguo kiunoni, naye angeliwafungulia huku akiwauliza habari za watoto. Lakini mzee huyo alikwisha hamishiwa kwenye lango la nje, amepewa kiti, tochi na daftari la kuandikia majina ya waingiao, na funguo zake zimekusanywa. Alipoitwa alikuja na tochi yake, akaumulika mlango juu na chini, akatikisa kichwa. Hakuwa na cha kuwasaidia. Akina mama wakaketi kwenye ngazi kungojea kupambazuke.

Mwandishi wa makala haya hupita katika jengo hilo karibu kila wiki, na kisa hiki alikisikia kutoka kwa waliohusika wenyewe. Anakieleza hapa kwa sababu milango ya aina hiyo haiko tena katika mabenki na balozi peke yake. Imo maofisini, mahospitalini, katika viwanda na hata katika majengo ya kupanga ambamo familia zetu zinaishi, na mwananchi anayepita mbele yake mara nne kwa siku aghalabu hajui mlango huo unaamuaje.

Wengi hudhani kadi ni ufunguo wa namna mpya. Sivyo. Ufunguo ukiingia katika kufuli lake utalifungua usiku na mchana, awe ameushika mwenyewe au mwizi. Kadi haifungui kitu. Inachofanya ni kutaja namba tu, kama mtu anayebisha hodi na kujitaja jina. Anayeamua ni mtambo mdogo uliofichwa darini au katika kabati la umeme, nao hujiuliza maswali matatu kwa kufumba na kufumbua: Huyu ni nani? Mlango huu anaruhusiwa? Na je, sasa hivi ni wakati wake? Likikosekana jibu la ndiyo katika swali mojawapo, taa huwa nyekundu.

Swali la tatu hujibiwa kwa ratiba ambayo binadamu ameiandika. Fundi hufungua programu katika kompyuta, huipa ratiba jina, huchagua siku za juma, kisha hujaza saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Ratiba hiyo huiambatanisha na milango fulani, likawa fungu la ruhusa, na kila mwenye kadi hutiwa katika fungu lake. Hata mlango wenyewe waweza kuwa na ratiba yake: kwamba uwe wazi kwa kila mtu kuanzia saa 2 asubuhi, na jioni urudie kudai kadi. Mafundi waangalifu huongeza sharti kwamba mlango usijifungue wenyewe mpaka mfanyakazi wa kwanza awe amekwisha ingia kwa kadi yake, ili siku mvua ya masika itakapowazuia watu wote majumbani jengo lisikae wazi bila mtu ndani.

Ukiona taa nyekundu usifikiri mara moja kwamba ni ubaya. Katika karne ya 19 wezi wa mabenki huko Marekani walikuwa na desturi ya kumwendea mtunza fedha nyumbani kwake usiku, kumtishia yeye na familia yake, na kumlazimisha akawafungulie hazina. Mwaka 1873 fundi wa makufuli wa Rochester, New York, aitwaye James Sargent, alibuni kufuli lenye saa ndani yake, ambalo halikubali kufunguka kabla ya muda uliowekwa, hata kwa mwenye siri zake zote. Na mwaka 1874 lilifungwa katika benki moja ya Morrison, jimbo la Illinois. Tangu hapo kumtesa mtunza fedha usiku hakukuwa na faida, kwani hata yeye hakuweza kufungua. Ratiba ya mlango, basi, ilianza kama kinga ya mfanyakazi na watu wa nyumbani kwake.

Jumatatu ile fundi alipigiwa simu, akajibu kwamba huenda kadi hazikuandikishwa vizuri. Jumanne zikabadilishwa. Jumatano zikakataliwa tena. Kila siku mlango wa chini ulijifungua saa 2 asubuhi kwa ajili ya watu wote, akina mama wakaingia, lakini milango ya orofa za juu ikawagomea, ikawabidi wangojee karani mmoja mmoja awafungulie kwa kadi yake. Wakafagia chini ya miguu ya watu na kupiga deki mahali ambapo viatu vilikuwa vikipita. Mmoja wao huuza chapati kwa mafundi ujenzi kila siku saa 3 asubuhi; juma hilo wateja wake walikula kwa mwingine. Wawili husafisha nyumba za watu mchana, nao walifika huko wamechelewa na kukaripiwa.

Alhamisi fundi alikuja mwenyewe alfajiri. Ni kijana mpole, amesoma, na kazi yake anaijua. Aliwaamkia akina mama, akaketi kwenye ngazi na kompyuta yake magotini, akaeleza kwamba haoni kosa lolote: wafagiaji wameruhusiwa kuanzia saa 11, kama alivyoandikiwa.

Mama mkubwa kuliko wote akamwuliza, "Mwanangu, wewe saa 11 unakuwa wapi?"

"Nakuwa kazini, mama."

"Mimi saa 11 nakuwa hapa, na nyota bado ziko juu."

Yasemekana kijana alinyamaza kitambo, kisha akajipiga kofi la paji la uso.

Karatasi aliyokuwa amepewa ilikuwa na mistari saba. Sita iliandikwa na ofisi ya utawala, ambako saa huandikwa kwa desturi ya ofisi: 8.00 hadi 17.00 kwa makarani, 7.30 hadi 16.30 kwa madereva, na kadhalika. Mstari wa saba ulitoka kwa msimamizi wa wafagiaji, aliyeutaja kwa simu kama ambavyo Mswahili yeyote angelisema: wafagiaji, saa 11 hadi saa 2. Aliyeipiga chapa karatasi hiyo aliuweka mstari huo chini ya mingine na kuupamba kwa nukta na sifuri ili ulingane na wenzake, ukawa 11.00 hadi 2.00. Naye fundi, alipoona kwamba mfagiaji hawezi kuingia saa 11.00 na kutoka saa 2.00 za usiku wa manane, alisahihisha kwa nia njema kabisa, akaandika 14.00. Kwa hiyo watu waliopaswa kuingia saa 11 alfajiri wakaruhusiwa kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 8 mchana, yaani baada ya kazi yao kwisha na kabla haijaanza ya siku inayofuata.

Hakuna hata mmoja katika mlolongo huo aliyekuwa mzembe. Saa zetu huhesabiwa tangu jua lichomoze na tangu jua lizame, na saa za mitambo huhesabiwa tangu usiku wa manane. Baina yake pana tofauti ya saa 6. Mtoto wa shule hulimaliza jambo hili bila hesabu: mshale mfupi ukiwa kwenye 5 yeye husoma 11, ambayo ni namba inayoikabili 5 upande wa pili wa uso wa saa. Lakini kompyuta haina uso. Ina visanduku vinne vya tarakimu, na humwamini yeyote anayevijaza.

Nani asemaye hesabu yetu haifai kwa milango? Mji wa Muscat huko Oman, ambako wengi wa mwambao wetu wana ndugu na jamaa, ulikuwa na malango yaliyokwenda kwa hesabu hiyo hiyo. Hadi mwaka 1970 malango ya mji mkongwe yalifungwa muda wa saa tatu baada ya jua kuzama, na tangu wakati huo anayetembea ndani ya mji ilimpasa awe na taa mkononi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa, kwani hiyo ndiyo saa 3 usiku. Amri hiyo ilikoma baada ya Sultani Said bin Taimur kuondolewa madarakani tarehe 23 Julai 1970 na mwanawe Qaboos kushika nafasi yake. Ratiba ya Muscat ilikuwa kali, wala mwandishi haisifu, lakini aliyefunga na aliyefungiwa walikuwa wakilitazama jua moja.

Liko jambo jingine linalowatatiza hata mafundi wazoefu, nalo ni usiku wa manane. Chukua mlinzi au muuguzi wa zamu ya saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Katika mitambo mingi muda mmoja hauwezi kuvuka usiku wa manane. Hapo siku ya kompyuta hufa na nyingine huzaliwa. Zamu hiyo hukatwa vipande viwili: 22.00 hadi 23.59, kisha 00.00 hadi 06.00. Na kipande cha pili ni cha siku inayofuata. Anayefanya kazi usiku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kipande chake cha kwanza kiandikwe Jumatatu hadi Ijumaa, lakini cha pili kiandikwe Jumanne hadi Jumamosi. Fundi akijisahau na kuweka siku zile zile katika vyote viwili, muuguzi anayetoka Ijumaa saa 7 usiku kuchukua dawa katika jengo la pili hataweza kurudi ndani. Na katika baadhi ya mitambo ile dakika moja kati ya 23.59 na 00.00 huachwa nje kabisa, isipokuwa mtengenezaji awe ameruhusu kuandika 24.00.

Lugha nayo huongeza mtego wake. Sisi husema usiku wa kuamkia Jumamosi, na anayesikia haulizi zaidi. Lakini wazee wa mwambao wakisema usiku wa Ijumaa wana maana ya usiku unaoutangulia mchana wa Ijumaa, ilhali kijana wa mjini husema hivyo akikusudia usiku unaoufuata. Msimamizi anayemtumia fundi maneno “zamu ya usiku wa Ijumaa” amemtumia usiku mbili tofauti, na fundi atachagua mmojawapo bila kujua kwamba amechagua.

Sikukuu zina mambo yake. Programu hizi zina kalenda ya siku maalumu, na siku ikiwekwa humo ratiba ya kawaida huwekwa kando, ikafuatwa ya sikukuu. Tarehe 26 Aprili, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, 14 Oktoba na 9 Desemba hazina taabu. Huandikwa mara moja na kurudiwa kila mwaka. Lakini waliokuwa kazini tangu saa 4 usiku wa tarehe 8 Desemba, inapofika saa 6 usiku kwao huwa tayari ni sikukuu, na kama haikuandikwa ruhusa yao ya siku hiyo, mlango hautawatambua tena. Pasaka huhamahama, hivyo huandikwa upya kila mwaka. Na Idd hutegemea kuandama kwa mwezi, jambo ambalo hakuna kompyuta ya mlangoni iliyolijifunza. Hapo lazima awepo mtu, mwenye jina na simu inayopatikana, aliyepewa madaraka ya kubadili siku usiku ule ule habari inapotangazwa. Majengo mengi hayana mtu huyo. Huwa naye fundi wa kampuni, ambaye naye anasherehekea.

Saa ya mtambo yenyewe yafaa kukaguliwa. Vifaa hivi hutengenezwa mbali, na vingine hufika vikiwa na saa za huko vilikotoka. Sharti viwekwe katika saa ya Afrika Mashariki, iliyotangulia ile ya Greenwich kwa saa 3. Ule utaratibu wa nchi za Ulaya wa kusogeza saa mbele majira ya joto uzimwe kabisa, la sivyo Jumapili ya mwisho ya mwezi Machi jengo zima litatangulia saa moja, na Jumatatu watu watalaumiana. Kibetri kidogo kinachoihifadhi saa umeme unapokatika nacho huzeeka.

Yote hayo ni ya kuingia. Kutoka hakuna ratiba, na hapa mwandishi hana subira na mtu. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York kiliungua karibu na saa ya kufunga kazi. Katika orofa ya tisa mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa kuwa wenye kiwanda walitaka wafanyakazi watokee upande mmoja tu, ili mikoba yao ikaguliwe wasiibe. Walikufa watu 146, wengi wao wanawake na wasichana. Mlango wa kadi uliotengenezwa ipasavyo humwachia aliye ndani kwa kubonyeza kitufe au kusukuma komeo tu, wakati wowote. Na kufuli la sumaku sharti liachie mara king'ora cha moto kinapolia. Mfanyakazi akiambiwa kwamba kadi yake haimruhusu kutoka baada ya saa fulani, aulize kwa sauti, tena aulize siku hiyo hiyo.

Wanaoishi katika majengo ya kupanga yenye mlango wa namba au kadi wana maswali yao. Saa gani mlango wa chini unaacha kumpokea mtoto anayetoka masomo ya jioni? Je, binti anayesaidia kazi za nyumbani ana ruhusa ya Jumapili, au aliandikwa siku za kazi tu na atabaki nje na kapu la sokoni? Mgonjwa akizidiwa saa 8 usiku, ndugu aliyeitwa na teksi ataingiaje? Kamati ya wapangaji ikitoa ratiba, ibandikwe chini ukutani, na kila saa iandikwe mara mbili, kwa hesabu yetu na kwa ya mtambo, pamoja na neno alfajiri, mchana, jioni au usiku. Neno hilo moja lingeliwaepushia akina mama wale siku tatu za kukaa kwenye ngazi.

Siku hizo tatu, kumbe, hazikuishia ngazini. Mwisho wa mwezi walipopokea malipo walikuta wamekatwa siku tatu kwa utoro. Mkandarasi wa usafi alikuwa ameanza kutumia orodha inayotolewa na mtambo, na katika orodha hiyo jina la kila mmoja wao halikuonekana kati ya saa 11 alfajiri na saa 2 asubuhi. Katika mshahara wa mfagiaji siku tatu ni unga wa juma zima. Tena kulikuwa na haki nyingine iliyopotea bila wao kuijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 huhesabu usiku kuwa tangu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na humtaka mwajiri aongeze angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku iliyofanyiwa kazi. Saa moja ya kwanza ya wafagiaji hao, kati ya saa 11 na saa 12, ni ya usiku kila siku.

Msimamizi wao aliwatetea kwa maneno, akaambiwa maneno hayashindi kompyuta. Ndipo bawabu alipokuja na daftari lake. Kwa mwandiko wa penseli, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, majina matano matano, saa 10.54, saa 10.50, saa 10.57. Karani wa mkandarasi alilitazama akasema daftari laweza kuandikwa baadaye.

Kijana fundi, aliyekuwapo siku hiyo kwa kazi nyingine, ndiye aliyekumbuka ukurasa wa pili. Mtambo huandika wanaoingia, lakini huandika pia inaowakataa, na sababu ya kuwakataa. Orodha hiyo hakuna aliyekuwa ameiomba. Alipoitoa, majina matano yalikuwamo siku zote tatu, mbele ya kila moja yameandikwa maneno yenye maana ya “nje ya muda”, na saa: Jumatatu 04.56, Jumanne 04.52, Jumatano 04.59. Waliyasoma pamoja na daftari la mzee, wakihesabu kwa vidole ng'ambo ya pili ya uso wa saa ya ukutani. Baina ya lango na mlango palikuwa na dakika mbili kila siku, ambazo ndizo hatua za kuuvuka uwanja.

Fedha zilirudishwa mwezi uliofuata. Ile nyongeza ya saa ya usiku bado inazungumzwa. Siku hizi taa huwa ya kijani saa 11 alfajiri, na mzee wa langoni anaendelea kuandika majina yao kwa penseli, ingawa utawala ulikwisha mwambia kwamba daftari halihitajiki tena.